Ko-ko-ko ya Forester

Idi Pili tulishinda Mambrui kwa bibi yake mama watoto. Tulitoka huko jua limeshazama, watoto watatu nyuma wamelala hoi na vidole vinavyonata halua, mama watoto mbele kavua viatu. Kulikuwa na upepo mzuri, kwa hiyo nilizima AC nikateremsha vioo. Karibu na daraja la Sabaki lori la chumvi likatupunguzia mwendo, nikatoa gia, nikaliacha gari litambae. Hapo ndipo nilipousikia mlio.

Ko-ko-ko-ko.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayebisha mlango wa jirani: si kwako, lakini utainua kichwa. Nikakanyaga mafuta kidogo, ukapotea. Nikaachia, ukarudi. Nikajifanya sikusikia. Mama watoto, ambaye nilidhani kalala, akasema bila kufumbua macho, "Gari lako lapiga hodi."

"Ni lori," nikamwambia.

Lori lilikuwa limeshatuacha mita mia tatu.

Niwaeleze gari lenyewe, maana wengine mnalijua kwa kelele zake tu. Ni Subaru Forester ya 2004, ile modeli ya SG5, gia za mkono, injini ya EJ20 yenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa: cc 1994, pistoni 4 zilizolala ubavu, 2 kushoto na 2 kulia, ndiyo ile tunayoiita boksa. Lilipokuja kwangu lilikuwa gari la adabu, na turbo yake ndogo ya TD04. Mimi ndiye niliyelipotosha. Nimelitia turbo ya IHI ya jamii ya VF iliyotolewa kwenye Subaru STI, ndugu yake wa mbio, ekzosi ya inchi 3 kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, intakula kubwa ya kupoza hewa ya turbo, pampu ya petroli yenye nguvu zaidi, kisha nikapanda nalo Nairobi likaandikiwa programu mpya kwenye kompyuta yake. Presha ya turbo sasa inafika bar 1.1. Na ukiniuliza kwa nini mhasibu mwenye watoto watatu anahitaji haya yote, jibu liko kwa kinyozi. Mwaka 1997, nikiwa na miaka 9, kinyozi wetu alibandika ukutani picha ya ile Impreza ya buluu ambayo Colin McRae aliishindia Safari Rally. Nilikuwa nikinyolewa huku naitazama kwenye kioo, kinyumenyume. Wenzangu walipotezwa na mengine makubwa. Mimi nilipotezwa na ukuta wa kinyozi.

Gari lililotiwa mikono namna hii lina shida ambayo hakuna anayekwambia wakati unanunua vifaa: likiumwa, kila mtu ana jibu tayari. Gari la kawaida likigonga, fundi atauliza maswali. Langu likigonga, fundi anachungulia bomba la ekzosi, anatikisa kichwa, anasema, "Si umeyataka mwenyewe." Na kwa vile nami najishuku, niliamini kabla hawajasema.

Hofu yangu ilikuwa na jina, konrodi. Ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Pale unaposhika krenki kuna vipande viwili vya beringi, vyembamba kama ukucha wa kidole gumba, vimeikumbatia krenki, na katikati hupita utando wa oili. Oili ikipungua, au petroli ikiripuka kabla ya wakati wake ikawa inaipiga pistoni nyundo badala ya kuisukuma, beringi huliwa, nafasi hupanuka, konrodi huanza kugonga. Ukikaidi, siku moja mkono huo hutoka nje kwa kutoboa ubavu wa injini, na hapo hata mnunuzi wa vyuma chakavu hukuonea huruma. Magari haya kwao Japani hunywa petroli ya daraja la juu, oktani 100 hivi. Ya kwetu haifiki hapo, na anayepandisha presha ya turbo bila kurekebisha programu anacheza na moto. Mimi nilirekebisha, na risiti ninayo. Lakini saa nane za usiku, ko-ko-ko ikikulia kichwani, hukumbuki risiti. Unakumbuka siku ile ya barabara ya Garsen ulipolikanyaga hadi mwisho ukacheka peke yako.

Asubuhi yake nikaanza kuzunguka. Fundi wa kwanza, wa gereji ya hapa mjini Malindi nisiyoitaja, alisikiliza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. "Konrodi. Toa injini, nikutafutie nyingine Mombasa. Laki mbili unusu, na kazi juu." Wa pili akasema valvu zimelegea. Wa tatu, kijana anayetengeneza tuktuk, akasema turbo imekufa, nitie injini isiyo na turbo "upumzike, bro". Nikawashukuru wote, nikarudi nyumbani Maweni, nikaliegesha chini ya mwarobaini. Nikaamua kulisikiliza mwenyewe.

Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye kile kifupa kilicho mbele ya sikio. Kila aliyewahi kushika spana anajua. Ila injini hii ya boksa karibu yote ni aluminiamu, na mlio unazunguka ndani yake kama umbea kwenye nyumba ya arusi: kila chumba unachoingia unaambiwa umeanzia hapo. Nikiweka kushoto, uko kushoto. Kulia, uko kulia. Nikalala chini nikaweka kwenye sampu, lile bakuli la oili, upo. Nikaweka mbele, kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha krenki na valvu, sikusikia kitu cha maana nikaondoka. Kifuniko kile ni cha plastiki. Plastiki haipitishi mlio vizuri. Nalijua hilo leo, nililijua siku ile pia, na bado niliondoka.

Jumatatu nikaupeleka mlio ofisini. Nafanya kazi ya hesabu kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, na nisichokielewa kwa sikio nakitafuta kwa kalamu. Injini ikiwa imetulia, mshale unasoma mizunguko 750 kwa dakika. Gawanya kwa 60: krenki inazunguka mara 12 na nusu kila sekunde. Kamshafti, zile zinazofungua valvu, huzunguka nusu ya hapo. Basi nikarekodi sekunde 5 kwa simu, nikaufungua mlio kwenye programu ya kuhariri sauti, likatokea wimbi lenye vilele kama meno ya msumeno. Nikavihesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kioo cha kompyuta, mara mbili, huku bosi akidhani nafunga hesabu za mwezi. 62. Ungekuwa mlio wa valvu ningepata kama 31. Fundi wa pili basi kakosea. Hiki ni kitu kinachokwenda sambamba na krenki.

Nikajipongeza kwa dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka ni nini kinachokaa kwenye krenki.

Jioni ile nikamwaga oili. Ilikuwa nyeusi kiasi chake, haina mng'aro. Nikafungua filta nikaikata ili nione karatasi ya ndani, maana beringi ikianza kuliwa vumbi lake hunaswa pale. Nikaitandaza karatasi juu ya gazeti, nikamulika tochi. Ilikuwa inameremeta. Vipande vidogo, vingi, vyeupe kama magamba ya simsim. Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa chini kwenye mchanga na karatasi ile mapajani.

Nilikaa hivyo muda, nikapiga hesabu ya laki mbili unusu kwa njia zote ninazozijua. Kisha mtoto wa kati akaja na sumaku, ile niliyomtolea kwenye spika ya redio mbovu, anataka kujua kama inashika Forester. Nikamnyang'anya. Nikaipitisha juu ya karatasi. Vipande vyote vikaruka vikaganda, vikasimama kama ndevu.

Basi nikacheka, mtoto akaniogopa. Beringi za konrodi huvikwa madini laini, shaba na bati na jamaa zao, na vumbi lake halishikwi na sumaku. Yale yalikuwa chuma, na chuma chenyewe kilikuwa kopo la filta, nililolikata kwa msumeno wa chuma dakika kumi kabla. Nilikuwa nimemwagia karatasi unga wa msumeno wangu mwenyewe nikaanza kuulilia. Wenye akili hukata kwa mkasi wa bati. Nikanunua filta nyingine, nikaendesha siku tatu, nikaikata kwa mkasi. Safi.

Nikachomoa na soketi za koili, zile zinazotia cheche kwenye silinda, moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma. Ukizima silinda yenye konrodi mbovu, ile pistoni haisukumwi tena kwa nguvu, mlio hupungua au hubadilika waziwazi. Nikazima ya kwanza: gari likatetemeka, mlio upo. Ya pili, upo. Ya tatu, ya nne, upo. Tena asubuhi injini ikiwa baridi ulikuwa sawa na mchana ikiwa moto, na konrodi haina tabia hiyo, huzidi oili ikishapata moto na kuwa nyepesi. Mlio wa gasketi ya ekzosi inayovuja nao hufanya kinyume, hupiga kelele asubuhi kisha chuma kikitanuka unaziba. Huu wangu haukujali saa.

Ushahidi wote ulikuwa unasema si konrodi. Mimi nikasema ni konrodi inayojificha. Mtu akishaogopa huwa hivyo.

Katikati ya mambo haya, siku ya Jumatano, nilimpeleka mama watoto sokoni. Saa sita, joto la kupasua kichwa. Akawasha AC, akakaa kimya kidogo, akasema, "Ukiwasha hii, linanyamaza."

"Feni inakufanya usisikie."

"Haya."

Wanaume wa Malindi mnaijua hiyo "haya". Si kukubali.

Mwisho wa wiki akaja ami, mdogo wake marehemu baba, ametoka Lamu kwa arusi ya mjukuu wake hapa Barani. Maisha yake yote yamekuwa mashini za majini, zile dizeli za pistoni moja zinazosukuma majahazi, kisha hizi za kutundika nyuma ya boti. Gari hajapata kumiliki. Pale mjini Lamu lingempeleka wapi, vichochoro vyenyewe ni vya punda. Alivuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la kupitia Witu na Garsen, akafika na vumbi kwenye nyusi. Nikambusu mkono. Alikuwa barazani na kikombe cha kahawa nilipoliwasha gari kulisogeza kivulini.

"Babangu," akasema, "hiyi mashini yako yaumwa."

Nikamweleza yote: mafundi watatu, hesabu ya vilele, sumaku, koili. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Wote tulikuwa tukiuliza linagonga lini.

"Hunyamaza lini?"

"Nikikanyaga mafuta. Likipita mizunguko 1,500 hivi husikii kitu."

"Na lini tena?"

Mama watoto alikuwa mlangoni na birika mkononi. "Likiwashwa AC, ami. Nilimwambia."

Sikuwa na la kusema. Na ndipo nikafahamu kwa nini mlio ule nilikutana nao kwenye daraja la Sabaki, usiku, vioo viko chini. Katika joto hili, ni lini tena huwa nazima AC? Huenda ulikuwepo siku kadhaa kabla yake, umelala chini ya feni.

Msidhani ami ni yule mzee wa hadithi anayejua kila kitu. Jibu lake la kwanza lilikuwa alteneta, akaliapia kabisa, beringi ya alteneta. Kwenye injini hii kuna mikanda miwili ya nje inayochukua nguvu kutoka puli ya krenki, lile gurudumu la mbele: mmoja unazungusha alteneta na pampu ya usukani, wa pili unazungusha kompresa ya AC. Tukaitoa yote miwili. Kama ugonjwa uko kwenye alteneta au kompresa, mkanda ukitoka mlio unakwenda nao. Nikaliwasha kwa nusu dakika.

Ulizidi. Sasa haukuwa hodi tena, ulikuwa mtu aliyekasirika kwa kutofunguliwa.

Ami akanyamaza, akajikuna ndevu, akaniambia nizime. Akaomba tochi, kisha akataka zile feni za radieta zitolewe aone vizuri. Robo saa ikapita. Akainama mbele ya injini, akatia kidole katikati ya puli ya krenki, pale kichwa cha bolti kinapokaa juu ya washa yake, akakitoa.

"Ndoo uone hapa."

Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na unga. Mwekundu-kahawia, laini, rangi ya mdalasini uliosagwa. Akausugua kwa kidole gumba ukaingia kwenye mistari ya ngozi kama poda.

"Kutu, ami," nikasema. Nilikuwa nimeuona unga ule mara nyingi, kila nilipofungua boneti. Lakini gari langu linalala Malindi na kushinda kwenye chumvi. Kila bolti yake ina kutu, bawaba zina kutu, hata funguo mfukoni mwangu zina kutu. Ukiishi hivi hufika mahali huioni tena, kama vile mwenye duka la samaki asivyosikia harufu.

Ami akapeleka kidole kwenye bolti nyingine, ya kibano cha betri, akakwangua kwa ukucha. Kikabanduka kigamba kigumu. Akaviweka viwili karibu, kigamba kwenye kiganja cha kushoto na unga kwenye kidole cha kulia.

"Kutu ya mai ya bahari hutoka magamba. Kama samaki. Hiyi haina magamba. Hiki ni chuma kwa chuma vyasagana."

Hakuna kitabu kilichokuwa kimenionyesha hilo, ingawa baadaye nilisoma na kulikuta hivyohivyo: vyuma viwili vilivyobanwa pamoja vikipata nafasi ya kuchezeana hata kwa unene wa unywele, husagana, na chembe zake huungua kwa hewa zikawa unga mwekundu. Kwa mashini za boti, ami anasema, unga ule ukiuona kwenye shafti ya propela unarudi pwani.

Nikachukua soketi ya 22. Bolti ya puli ya krenki huwa ndiyo bolti ngumu kuliko zote upande wa mbele, kuilegeza hutaka mpini mrefu na mtu wa pili na dua. Nikaivika soketi, nikashika kwa mkono mmoja, nikavuta kujaribu tu.

Ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya dawa.

Nilisimama pale, soketi mkononi, na kumbukumbu yote ikarudi kwa pamoja, hadi harufu ya sambusa.

Ilikuwa ishirini na kitu ya Ramadhani. Nilikuwa nimebadilisha mkanda wa taimingi, mimi na shemeji yangu, palepale chini ya mwarobaini. Kazi yenyewe niliifanya kwa makini, alama zote za gia nimezipanga, nimezipiga picha, nimezungusha krenki kwa mkono mara mbili kuhakikisha. Ikabaki kuirudisha puli na kukaza bolti yake kwa toki, yaani kipimo chake cha nguvu za kukazia. Ukivuta bolti ile, krenki nayo hutaka kuzunguka, kwa hiyo shemeji alikaa ndani, gia ya tano, mguu kwenye breki, ili injini isisogee. Nikavuta. Ikakaza. Nikasema, "Kanyaga sana, sasa nahesabu toki." Na muadhini akaadhini.

Shemeji alifungua mlango akashuka kama aliyeitwa jina lake. Kijana amefunga siku nzima, sitamlaumu. Nikavuta, injini ikazunguka, gari likasogea. Nikasema moyoni, nitamalizia baada ya futari. Tukala tende, uji wa pilipili manga, sambusa, mbaazi, kisha magharibi, kisha wageni wakaja, kisha Isha na tarawehe. Niliporudi saa tano nilimkuta shemeji kaniwekea kifuniko na mikanda mahali pake, kafanya hisani. Nikaona gari limefungika zuri. Nikaliwasha, likawaka. Nikalala.

Bolti ikabaki imekazwa kwa nguvu za mkono tu, kama unavyokaza boya la tangi. Wiki moja na zaidi puli imekuwa ikisukwasukwa na kila mripuko wa silinda. AC ikiwaka, mkanda wake unaivuta puli upande mmoja na kompyuta inapandisha mizunguko kidogo, puli inaegemea, inatulia. AC ikizimwa inalegea, inagonga. Mizunguko ikipanda, mipigo inafuatana upesi haipati nafasi ya kurudi nyuma. Na vilele vyangu 62 vilikuwa hesabu sahihi kabisa. Krenki haina konrodi peke yake, mbele yake ina puli. Nilihesabu vizuri nikasoma vibaya. Kosa la mhasibu.

Tukaitoa puli. Ndani yake kuna kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa krenki kikishikana na gia ya mkanda wa taimingi na puli yenyewe. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeliwa ukafanya ngazi. Mfereji wa puli umepanuka, ukitia kii inacheza. Mfereji wa krenki, Alhamdulillahi, ulikuwa na ukingo uliovimba kidogo tu, nikausawazisha kwa tupa ndogo, taratibu, pumzi nimezishika. Gia ya taimingi nzima. Sensa ya krenki inasoma meno ya gia hiyo hiyo, kwa hiyo kama kii ingekatika, gia ingehama, taimingi ingekwenda, na katika injini hii valvu na pistoni hukutana. Hapo laki mbili unusu ya fundi wa kwanza ingekuwa bei ya kweli.

Ami aliangalia kii ile kwa muda, akanirudishia. "Na hiki ulikuwa wakipeleka Gongoni kila siku," akasema. Basi, hakuongeza.

Matengenezo hayakuwa na hadithi. Kii mpya na puli ya mtumba kutoka Mombasa, iliyoletwa na basi siku ya pili, shilingi 5,200 pamoja na nauli yake. Mkereza vyuma mmoja wa huku mjini akanihakikishia puli haijapinda. Bolti mpya. Toki nikaichukua kwenye kitabu cha gari la mwaka wangu, maana vitabu vya injini hii vya miaka tofauti vinatoa vipimo tofauti, na nikaazima spana ya toki inayofaa. Shemeji akakaa ndani tena, gia ya tano, mguu kwenye breki. Nilihakikisha ni saa tatu asubuhi. Spana ilipolia tak, nikamwambia asishuke. Nikavuta mara ya pili, tak. Nikachora mstari mweupe kwa ile rangi ya ofisini ya kufutia makosa, kuanzia kichwa cha bolti kupita kwenye puli, ili siku bolti ikisogea mstari ukatike nione. Baada ya kilomita 500 nikautazama, umenyooka.

Nilipita kwa yule fundi wa kwanza, si kwa ubaya, nilitaka tu alisikie. Nikaliacha linaunguruma mbele ya gereji. Akatega sikio pumzi mbili zilezile. "Si nilikwambia," akasema, "ni kitu kidogo."

Kii kuukuu sikuitupa. Niliitia kwenye kile kisanduku cha majivu karibu na gia, nikiwa na nia ya kuwaonyesha watu. Ijumaa iliyopita tulikuwa tukirudi Watamu, tumeshapita Gede, barabara nyeupe, nikalipandisha kidogo. Mizunguko 3,000. Tik-tik-tik-tik. Nikaachia mafuta, ukanyamaza. Nikakanyaga, tik-tik-tik. Jasho likanitoka. Nikazima AC, upo. Nikawasha, upo. Pale Msabaha nikaegesha kando, nikafungua boneti, nikamulika mstari mweupe: mzima. Nikatafuta bisibisi. Nikalala chini na kanzu ya Ijumaa.

Nilipoingiza kichwa dirishani kumwambia mama watoto tutakawia, alikuwa amefungua kisanduku cha majivu. Akaitoa kii, akaitia mkobani mwake, akafunga zipu.

"Twende," akasema. "Watoto wana njaa."